Bora Uzima: Kuchagua cha Kubeba Wakati Moto wa Mlima Unashuka

1. Swali linalotuhusu

Sisi wenyeji wa Goma na vijiji vya kandokando hatukujifunza habari ya moto kutoka vitabuni. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa metre 3,470, uko karibu sana na mji, chini ya kilometre 20. Katika umri wa mzee mmoja, ulipasuka na kushusha moto wake mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Kila mara, katika nyumba nyingi, watu walisimama mlangoni na swali moja: tubebe nini, tuache nini?

Linaonekana kuwa swali la haraka tu, lisilo na filozofia ndani yake. Mtu anayekimbia hana wakati wa kuwaza. Lakini kisha miaka kupita, watu wakikaa pamoja kwenye matanga ao kwenye ndoa, hawahadisiane habari ya lava peke yake. Wanahadisiana nani alibeba nini. Fulani alibeba televizio, akasahau dawa za mama yake. Fulani alibeba mtoto wa jirani. Mwingine alifika Sake na ufunguo tu mkononi, ufunguo wa nyumba ambayo haiko tena. Watu wanacheka, lakini ndani ya kicheko kuna hukumu. Kila mmoja anajua kwamba siku ile kitu fulani juu ya mtu kilionekana wazi.

Njo maana tunaona swali hili linafaa kuandikiwa kurasa chache katika kijitabu hiki cha desturi zetu. Wahubiri wetu wanalijibu kwa neno moja: «Vitu si kitu, roho njo kitu.» Wazee wetu pia walikuwa na neno lao, lile tunalosemea mpaka leo tukisikia jirani amepoteza vyote: «Bora uzima.» Maneno haya mawili ni ya kweli. Lakini mama mwenye watoto watano, usiku, barabarani, na mvua ikinyesha, hawezi kuishi na neno tupu. Anahitaji kujua pia sufuria iko wapi. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali «nibebe nini?» halipati jibu zuri mpaka mtu ajibu kwanza lingine: «nimewekewa nani na nini mikononi?»

2. Kukimbia na kuondoka

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo lugha inachanganya mara nyingi: kukimbia, na kuondoka.

Siku ya Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, mlima ulipasuka asubuhi, na lava ikaingia mjini siku ile ile. Ilipita katikati ya Goma, ikaugawanya mji sehemu mbili, ikaendelea mpaka kutumbukia ziwani Kivu. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa, na watu wapata 120,000 wakabaki bila nyumba. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakaelekea Sake.

Mwaka 2021 ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Mbingu ikawa nyekundu, na watu wakaanza kutembea na chochote kilichokuwa karibu na mkono. Lava ilikula vijiji vya upande wa Nyiragongo, ikafika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa: wengine kwa moto, wengine kwa ajali barabarani wakikimbia, wengine kwa hewa mbaya walipojaribu kupita juu ya lava iliyokuwa bado inatoa moshi.

Kisha, siku tano baadaye, mapema tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa kumi ya Goma waondoke. Ardhi ilikuwa inatetemeka kila mara, na wataalamu waliogopa moto uliokuwa chini ya mji, na gesi zilizo chini ya ziwa. Mamia ya maelfu waliondoka tena, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu.

Usiku wa tarehe 22 ulikuwa kukimbia. Asubuhi ya tarehe 27 ilikuwa kuondoka. Katika kukimbia, mkono njo unachagua, na mkono unashika kile ulichozoea kushika. Hatuwezi kumuuliza mtu kwa nini alitoka na mwiko wa kupikia na akaacha makuta chini ya godoro. Mkono wake ulikuwa jikoni. Lakini katika kuondoka, kuna saa moja, kuna saa mbili. Kichwa kinarudi mahali pake. Na kichwa kikirudi, wajibu nao unarudi. Mwenye gari anaweza kujiuliza: nipakie kanape ao nipakie mama mzee wa parseli ya pili? Motari anaweza kujiuliza: bei iwe ile ya jana, ao mara tano? Mtu akijibu vibaya saa ile, hawezi kusema baadaye kwamba ni woga ulimsukuma.

Hata usiku wa kukimbia haukosi maana ya kimaadili. Mkono unashika ulichozoea, lakini nani aliuzoesha? Ndugu msomaji, mzazi aliyezoea kila jioni kuhesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango, hata usiku wa moto atahesabu. Yule ambaye hakuzoea, atahesabu akifika ng'ambo. Kesho yake, tarehe 23 Mei 2021, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Sisemi kwamba wazazi wao walikuwa wazembe. Katika giza na msukumano ule hata mikono yenye nguvu iliachana. Ninasema tu kwamba tendo la usiku mmoja lina mizizi katika siku nyingi za mbele yake.

3. Wazee walibeba nini

Wazee wetu walihama mara nyingi. Walihama juu ya vita, juu ya njaa, juu ya ugonjwa wa ng'ombe, juu ya mlima. Hawakuwa na valizi wala karte ya uchaguzi, lakini walikuwa na mpango.

Cha kwanza kilikuwa mbegu. Katika nyumba za vijijini, mahindi mazuri kuliko yote yalitundikwa juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Yale hayakuwa chakula. Hata njaa ikiwa ndani ya nyumba, mama aliyagusa kwa mikono inayotetemeka, sababu alijua kwamba kula mbegu ni kula mwaka ujao. Siku ya kuhama, mbegu ilitoka kabla ya chakula. Mtu anayebeba mbegu anasema kwa tendo kwamba kuna kesho, na kwamba yeye anafikiri kuifikia.

Cha pili kilikuwa moto wenyewe. Wakati kiberiti kilikuwa hakijulikani, kuni yenye kaa ilitembezwa kutoka jiko la zamani mpaka jiko jipya, na aliyezimikiwa aliomba kwa jirani. Tunacheka tukisikia: watu wanakimbia moto, na mmoja wao amebeba moto! Lakini hapo kuna hekima. Moto wa mlima hauna mwenyewe, unakula kila mtu. Moto wa jiko una mwenyewe, una mafiga matatu, una watu wanaouzunguka. Aliyebeba kaa alibeba uwezo wa kukusanya watu tena mahali pengine.

Cha tatu kilikuwa vitu vya ukoo na vya utawala, na hapa desturi inatufundisha jambo ambalo tumelisahau. Kwa Washi, alama za ufalme zilikuwa na walinzi wao, wale bajinji, na mwami mwenyewe hakuweza kuzifanyia alivyotaka. Kwa Walega, wenye cheo katika bwami walikuwa na kikapu cha vitu vya heshima vilivyokuwa vya wote, lakini kikakaa kwa mmoja wao. Yule aliyekitunza hakukuwa mwenye mali. Alikuwa mwenye deni. Kama nyumba yake ingeungua, kikapu kile kingetoka kabla ya vitu vyake mwenyewe, sababu vitu vyake vilikuwa vyake tu, lakini kikapu kilikuwa cha watu.

Kuna na hadisi ya zamani juu ya mlima wenyewe. Watu wa eneo hili waliofuata Ryangombe waliamini kwamba waliopokelewa katika siri zake wangepumzika juu ya Karisimbi, mlima wenye theluji, na wale ambao hawakupokelewa wangetupwa ndani ya Nyiragongo. Mkristu wa leo haamini vile. Lakini tuone jambo moja: kwa wazee, mlima wa moto ulikuwa mahali ambapo inajulikana nani ni wa nani. Kuhusu hilo hawakukosea sana.

4. Mizigo ya Maandiko

Biblia imejaa watu wanaoondoka kwa haraka, na inasema waziwazi walibeba nini. Mara nyingi tunasoma tukifuata miujiza, tunapita mizigo bila kuiangalia.

Tuangalie Waisraeli wakitoka Misri. Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha mizigo mitatu. Watu walibeba unga uliokandwa kabla haujachachuka, wameufunga ndani ya nguo mabegani. Musa alibeba mifupa ya Yosefu, juu ya kiapo ambacho watoto wa Israeli waliapishwa zamani. Na watu walibeba dhahabu na fedha walizoomba kwa Wamisri. Chakula cha leo, ahadi ya jana, na mali ya kesho.

Mizigo hii mitatu ilipata mwisho mbalimbali. Unga ulikuwa mkate wa siku chache, na ile haraka yenyewe ikawa sikukuu inayokumbukwa mpaka leo. Mifupa ilizikwa Shekemu, kisha vizazi kupita. Na dhahabu? Sehemu yake ilikuwa ndama chini ya mlima Sinai. Lakini dhahabu ile ile, katika kitabu kile kile, ilitolewa pia kwa kujenga hema la Mungu. Kwa hiyo Maandiko hayasemi kwamba kubeba mali ni vibaya. Yanasema kwamba mali iliyookolewa haijajua bado itakuwa nini. Mtu aliyeokoa makuta yake katika moto hajamaliza mtihani. Njo anauanza.

Raheli, alipoondoka kwa baba yake Labani, aliiba miungu ya nyumbani akaificha chini ya tandiko la ngamia na kukaa juu yake. Si Yakobo, si baba yake, hakuna aliyejua. Hapa kuna mzigo wa namna nyingine: kile tunachobeba kwa siri sababu hatuna uhakika kwamba Mungu mpya anatosha. Wangapi kati yetu walipanga katika begi moja rozari na dawa ya mganga wa kienyeji? Siandiki ili kuwaaibisha. Raheli alikuwa mama wa ukoo mkubwa, na Maandiko hayakuficha udhaifu wake.

Mke wa Loti anajulikana na wote. Yezu mwenyewe alimkumbusha, katika injili ya Luka, aliposema juu ya mtu aliye juu ya paa na vitu vyake vikiwa ndani: asishuke kuvichukua. Wahubiri wanapenda neno hili, na wana haki. Mwaka 2002, siku chache kisha lava kusimama, makumi ya watu walikufa katikati ya mji pale kituo cha mafuta kilipolipuka, wakati watu walikuwa wanachota mafuta. Kurudi nyuma kunaua. Lakini tuwe waangalifu. Mke wa Loti aligeuka kuangalia mji. Mama anayegeuka sababu mtoto mmoja hayuko nyuma yake, yule si mke wa Loti. Yule anafanana na mchungaji aliyeacha kondoo 99.

Mwisho kuna Paulo. Akiwa mfungwa, karibu na kifo, alimwandikia Timoteo amletee joho aliloacha Troa, na vitabu, zaidi sana vile vya ngozi. Yule aliyesema kwamba amehesabu yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristu, anaomba joho! Baridi ilikuwa inakaribia. Tunapenda sana kipande hiki, sababu kinatupatia ruhusa ya kuwa watu wenye mwili. Joho kwa mwili, vitabu kwa akili, na mtoto wa kiroho kwa moyo. Paulo hakuona aibu kuviandika pamoja.

5. Maswali magumu

Tukisema hayo yote, bado kuna mambo ambayo methali haiwezi kuyamaliza. Nitagusa matatu.

La kwanza ni juu ya asiyeweza kutembea. Katika parseli nyingi kuna mzee, kuna mgonjwa, kuna mama aliyezaa juzi. Mara nyingi mzee mwenyewe njo anasema: «Muende, mie niko mutu wa kuisha. Muniache hapa, mupeleke batoto.» Maneno haya ni zawadi, lakini pia ni mtego. Je, tuyapokee? Ninaona kwamba mzee ana haki ya kuyasema, lakini sisi hatuna haki ya kuyaamini haraka. Wakati chukudu ipo, wakati mabega manne yapo, wakati jirani ana bajaji, neno la mzee si amri. Ni swali analotuuliza: je, mie bado ni mtu wenu? Jibu letu haliwezi kuwa «ndiyo, baba, tutakuombea». Amri ya kuheshimu baba na mama haina kifungu kinachosema «isipokuwa siku ya volkano». Na pale ambapo kweli nguvu zinakosekana, na mtu mmoja anapaswa kuchagua kati ya mama yake na mtoto wake, tusimhukumu. Mungu peke yake anaweza kuingia pale.

La pili ni juu ya mali ya wengine. Tuchukue mfano wa mama anayetunza sanduku la likelemba. Ndani yake kuna makuta ya wamama 20 wanaouza maharagi na makala sokoni, na daftari la majina. Moto unashuka. Mkono mmoja una mtoto. Mkono wa pili unaweza kushika begi la nguo zake, ao sanduku lile. Wengi watasema: «Ni volkano, watamuelewa.» Labda watamuelewa. Lakini kisha wiki mbili, wakirudi, wamama 20 watakosa mtaji, na nyuma yao watoto karibu mia moja. Hapa desturi ya kikapu cha Walega na injili ya talanta zinasema neno moja: kile ulichowekewa kinatangulia kile ulicho nacho. Na kama sanduku limeshindikana, basi daftari. Daftari halina uzito, lakini ndani yake mna ukweli kati ya watu. Wazee wa kiswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vile vile kwa karatasi za parseli. Kisha 2002, watu walijenga tena juu ya lava iliyopoa, mahali ambapo hapakuwa tena na ua, wala mti, wala njia ya kuonyesha mpaka. Aliyeokoa karatasi aliokoa pia amani na jirani yake. Mtu asidharau karatasi kwa jina la roho.

La tatu ni juu ya wale ambao kazi yao inawafunga: mapadri na wachungaji, waganga wa zamu, walinzi wa wagonjwa na wa yatima. Je, nao wabebe mabegi na kwenda? Swali hili ni la zamani katika Kanisa la Afrika. Wavandali walipokuwa wanakaribia miji ya Afrika ya kaskazini, askofu Honoratus alimwandikia Augustino wa Hippo kumuuliza kama wachungaji wanaweza kukimbia. Augustino alijibu kwa barua ndefu. Kwa kifupi, alifikiri hivi: kama hatari inamtafuta mchungaji peke yake, akimbie, na wengine watashika kazi, kama watu wote wanaweza kwenda, waende pamoja, lakini kama kuna watu watakaobaki, lazima mtu wa kuwahudumia abaki nao, na hata kura inaweza kupigwa kujua nani abaki na nani aokoke. Augustino mwenyewe alibaki. Alikufa mwaka 430, mji wake ukiwa umezungukwa na maadui. Karibu nasi, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki Bukavu mwaka 1996 wakati vita vilikuwa vinaingia, akauawa tarehe 29 Oktoba. Hatusemi kwamba kila mtu anaitwa vile. Lava si jeshi: haisikilizi mtu, na kubaki mbele yake bila sababu ni kumjaribu Mungu. Lakini wazo la Augustino linabaki: mwenye kazi ya watu asiulize kwanza «nibebe nini», aulize «nani anabaki».

6. Juu ya matela, na juu ya hukumu

Kila mara tunapoona picha za watu wetu barabarani, kuna matela. Matela juu ya kichwa, matela juu ya pikipiki, matela iliyokunjwa na kufungwa kwa kikwembe. Wageni wanashangaa, na hata wasomi wetu wanatabasamu: «Angalia, moto uko nyuma, na bado anabeba matela!»

Tumuulize mama mwenyewe. Atajibu: «Tutalala fasi gani? Juu ya mawe?» Nyumba ya mbao inaweza kujengwa tena kwa msaada wa ndugu. Sahani zitaazimwa. Lakini usiku wa leo, kwenye saruji ya shule ao kwenye uwanja wa kanisa, watoto wanne watalala juu ya matela ile, na mtoto wa mgeni asiyejulikana atawekwa miguuni. Kumbe matela si mali. Ni usingizi wa watoto. Anayemcheka hajawahi kulala juu ya lava.

Kuna hukumu nyingine iliyo mbaya zaidi. Kisha kila mlipuko, zilisikika sauti za kusema kwamba moto ulichagua waovu: mtaa fulani juu ya pombe yake, fulani juu ya utajiri wake. Lakini mwaka 2002 lava ilikula kanisa kuu pamoja na maduka. Haikuuliza kama pale panaimbwa misa ao panauzwa pombe. Yezu aliulizwa jambo kama hili, na yeye mwenyewe akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hakukubali kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Moto unaonyesha namna tunavyopendana, ndiyo. Lakini hauonyeshi nani Mungu anamchukia. Anayechanganya mambo haya mawili anamuongezea jirani yake kuungua mara ya pili.

Na tuwakumbuke wale waliofungua milango. Wakati watu wa Goma walifika Sake, Minova, Rutshuru ao ng'ambo ya mpaka, kuna jamaa waliolala njaa kidogo ili wageni wale. Daudi, aliporudi kutoka vita kisha mji wake Siklagi kuchomwa, aliamua kwamba waliochoka na kubaki kulinda mizigo wapate fungu sawa na waliopigana. Nasi katika hadisi zetu tuwape fungu sawa wale waliopokea mizigo yetu.

7. Shauri kwa jamaa

Tangu mwaka 2021 watu wetu wamekimbia tena mara nyingi, na mara hizi si juu ya mlima. Vita vilijaza kambi kandokando ya Goma, vikafika Sake, na mwisho wa Januari 2025 vikaingia Goma yenyewe. Kwa hiyo swali letu si la volkano peke yake. Watoto wengi wa Kivu wanajua kufunga begi kabla ya kujua kuandika vizuri. Ni huzuni, lakini pia ni sababu ya kuwafundisha vizuri.

Tunapendekeza kwamba kila jamaa, siku ya amani, jioni kisha chakula, ijiulize mambo manne kwa utaratibu huu. Kwanza watu: nani anashika mkono wa nani? Mtoto mkubwa ajue ni mdogo gani aliye wake. Mwanaume wa nyumba ajue nani anambeba koko. Na tujue ni jirani gani hana mtu wa kumbeba. Pili, tulivyowekewa: makuta ya wengine, daftari, funguo za kanisa ao za shule, dawa za mgonjwa. Tatu, mbegu: kile kitakachotuwezesha kuanza tena, iwe cherehani, iwe diploma, iwe karatasi ya parseli, iwe maharagi yenyewe. Nne, ukumbusho: picha moja, Biblia ambamo majina ya waliozaliwa na waliokufa yaliandikwa. Yanayobaki tuyaache, na tuyaache bila kugeuka.

Mtu anaweza kuuliza: na sala iko fasi gani katika mpango huu? Haina mstari wake, sababu haichukui nafasi mkononi. Anayetembea gizani na mtoto mgongoni na mama mzee pembeni, kila hatua yake inaweza kuwa sala.

Wazee waliposema «bora uzima», hawakusema «uzima wangu». Neno halina mwenyewe ndani yake. Wakati mwingine mlima ukinguruma, kabla ya kuangalia vitu vyetu, tuangalie kwanza kushoto na kuume, tuone ni uzima wa nani uko karibu na mkono wetu.